Paulo Bento na somo la subira ambalo mashirikisho ya soka hayataki kulisoma

MACHI 25, mwaka 2025, timu ya Taifa ya Umoja wa Falme za Kiarabu iliifunga Korea Kaskazini mabao 2-1 mjini Riyadh, Saudi Arabia, katika mchezo wa kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la mwaka 2026. Bao la ushindi lilifungwa na Sultan Adil katika dakika za majeruhi, wakati wengi wakiamini kuwa timu hizo zingegawana pointi.

Siku iliyofuata kocha wa timu iliyoshinda, Mreno Paulo Bento, alitimuliwa.

Kwa mtu asiyefuatilia soka la Asia, uamuzi huo ulionekana kama mzaha. Kocha hufukuzwa anapofungwa, si anaposhinda. Lakini kwa wanaoijua historia ya Bento, kilichotokea Riyadh kilikuwa ni mwendelezo wa mambo ambayo yamemfuata tangu alipotundika daluga mwaka 2004 na kuingia katika kazi ya ukocha.

Huyu ni kocha ambaye amewahi kufukuzwa timu yake ikiwa kileleni mwa ligi. Ni kocha aliyelaumiwa kwa miaka 4 na mashabiki wa nchi moja, kisha akaondoka wakiwa wanamshangilia. Tena ni kocha aliyeiondolea nchi yake mwenyewe rekodi ya ushindi katika Kombe la Dunia, akiwa jukwaani kama mtazamaji wa kawaida.

Swali linaloulizwa na wachambuzi wa soka ni je, Bento ni kocha mbovu anayebebwa na bahati, au ni kocha mzuri ambaye waajiri wake hawana subira? Majibu yanapatikana katika safari yake, na majibu hayo yana mafunzo kwa kila shirikisho la soka ambalo huajiri kocha wa kigeni kwa mbwembwe na kumfungashia virago kabla hajajifunza majina ya wachezaji.

Kiungo asiye na makeke

Paulo Jorge Gomes Bento alizaliwa mjini Lisbon Juni 20, mwaka 1969. Katika enzi zake za kusakata kabumbu alikuwa kiungo mkabaji, kazi ambayo haina sifa nyingi magazetini. Wakati Luis Figo na Rui Costa wakishangiliwa kwa chenga na pasi zao, Bento alikuwa nyuma yao akiziba mianya na kunyang'anya mipira.

Alianza kung'ara akiwa na Estrela da Amadora, klabu ndogo ya pembezoni mwa Lisbon, ambayo mwaka 1990 ilitwaa Kombe la Ureno. Baadaye alipitia Vitoria Guimaraes na Benfica, kisha akavuka mpaka na kucheza miaka 4 katika klabu ya Oviedo ya Hispania kabla ya kurejea nyumbani mwaka 2000 na kujiunga na Sporting Lisbon.

Akiwa na Sporting alitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Ureno katika msimu wa 2001/02. Ubingwa huo una uzito wake katika simulizi hii, kwa sababu baada ya hapo Sporting ilikaa miaka 19 bila kuwa bingwa tena, hadi mwaka 2021 chini ya kocha Ruben Amorim.

Katika timu ya Taifa, Bento alicheza mechi 35. Mbili kati ya hizo ndizo zilizoacha alama.

Ya kwanza ni nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya dhidi ya Ufaransa, iliyopigwa mjini Brussels Juni 28, mwaka 2000. Timu hizo zilikuwa sare ya bao 1-1 katika muda wa nyongeza, pale mshika kibendera alipomjulisha mwamuzi Gunter Benko wa Austria kwamba beki Abel Xavier, mzaliwa wa Nampula huko kaskazini mwa Msumbiji, ameunawa mpira ndani ya eneo la hatari. Zinedine Zidane alifunga penalti hiyo na kwa sheria ya bao la dhahabu mchezo ukaishia hapo.

Wachezaji wa Ureno waliwazonga waamuzi kwa hasira. Xavier, Nuno Gomes na Bento walifungiwa na Shirikisho la Soka la Ulaya kwa miezi kadhaa. Hasira dhidi ya waamuzi ni ugonjwa ambao Bento hakupona, na miaka 22 baadaye ulimrudia mahali pabaya zaidi.

Mechi ya pili ni ya Juni 14, mwaka 2002 mjini Incheon, Korea Kusini. Ureno ilihitaji sare tu ili isonge mbele katika Kombe la Dunia. Joao Pinto alipewa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza, Beto naye akatolewa katika kipindi cha pili, na dakika ya 70 Park Ji-sung akaifungia Korea Kusini bao pekee. Ureno, iliyokuwa na kizazi chake cha dhahabu, ilifungasha virago.

Bento alikuwa uwanjani siku hiyo, na hakuvaa tena jezi ya Taifa baada ya pale. Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba Wakorea waliomfungia mlango siku ile ndio ambao siku moja wangemfungulia.

Nafasi ya pili mara nne

Baada ya kustaafu, Bento alipewa kazi ya kuinoa timu ya vijana ya Sporting. Oktoba mwaka 2005 timu ya wakubwa ilipoyumba chini ya Jose Peseiro, uongozi ulimpandisha Bento akiwa na umri wa miaka 36 tu.

Alidumu kwa miaka 4. Katika misimu yote 4 aliyoimaliza, kuanzia 2005/06 hadi 2008/09, Sporting ilishika nafasi ya pili nyuma ya FC Porto. Msimu wa 2006/07 ilikosa ubingwa kwa tofauti ya pointi 1 tu. Katika kipindi hicho alitwaa Kombe la Ureno mara 2, mwaka 2007 na 2008, pamoja na ngao ya ufunguzi wa ligi mara 2.

Kwa klabu ambayo ilikuwa ikiuza nyota wake kila walipokomaa, kama ilivyokuwa kwa Nani aliyekwenda Manchester United mwaka 2007, hayo hayakuwa matokeo mabaya. Bento hakuwa mwoga wa kuwatumia vijana. Ndiye aliyemkabidhi Rui Patricio lango la Sporting akiwa kinda mwaka 2006, na mlinda mlango huyo akaja kuwa tegemeo la Ureno kwa zaidi ya miaka 10.

Hata hivyo, dosari zilikwishaanza kujitokeza. Machi mwaka 2009, Sporting ikiwa imefika hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, ilikandikwa na Bayern Munich jumla ya mabao 12-1 katika mechi mbili. Timu iliyozoea kucheza kwa mfumo mmoja ilikosa njia nyingine pale mfumo huo ulipovunjwa. Novemba mwaka huo, baada ya matokeo mfululizo yasiyoridhisha, Bento aliandika barua ya kujiuzulu.

Tangu hapo sifa mbili zake zilifahamika. Ni mtu mwenye msimamo, na ni mtu asiyebadilika. Sifa hizo zinafanana, na mara nyingi ni vigumu kujua ni wapi ya kwanza inakoishia na ya pili inakoanzia.

Penalti ambayo Ronaldo hakuipiga

Septemba mwaka 2010 Ureno ilikuwa katika hali mbaya. Kocha Carlos Queiroz, naye mzaliwa wa Nampula, alikuwa katika mgogoro mkubwa na wakubwa wa soka wa nchi hiyo, na timu ilikuwa imeambulia pointi 1 katika mechi 2 za kufuzu fainali za Ulaya za mwaka 2012, ikiwamo sare ya aibu ya mabao 4-4 dhidi ya Cyprus.

Bento alichukua usukani na jahazi likatengemaa. Ureno ilishinda mechi 5 mfululizo za kundi lake, ikawafunga mabingwa wa dunia Hispania 4-0 katika mchezo wa kirafiki mjini Lisbon, kisha ikaitandika Bosnia 6-2 katika mchezo wa marudiano na kufuzu.

Katika fainali zenyewe, zilizoandaliwa na Poland na Ukraine, Ureno ilifungwa na Ujerumani bao 1-0 lakini ikazinduka na kuzifunga Denmark, Uholanzi na Jamhuri ya Czech. Juni 27, mwaka 2012 mjini Donetsk, iliibana Hispania kwa dakika 120 bila ya kufungana.

Mikwaju ya penalti ndiyo iliyoamua. Joao Moutinho alikosa, Bruno Alves akagonga mwamba, na Cesc Fabregas akaipa Hispania ushindi wa 4-2. Cristiano Ronaldo alikuwa amepangwa kupiga mkwaju wa 5, ambao haukupigwa kamwe. Hispania ilikwenda kuisambaratisha Italia 4-0 katika fainali, jambo lililoonyesha kwamba ni Ureno ya Bento iliyoipa bingwa huyo kazi kubwa.

Lakini nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na orodha ya watu waliokosana na kocha. Agosti mwaka 2011 beki Ricardo Carvalho aliondoka kambini bila ruhusa baada ya kubaini kwamba hataanza mchezo. Bento alimfananisha na askari mtoro na Shirikisho la Soka la Ureno likamfungia. Jose Bosingwa naye aliwekwa kando baada ya kutofautiana na kocha huyo. Ricardo Quaresma aliachwa katika kikosi cha Kombe la Dunia la mwaka 2014.

Katika mashindano hayo ya Brazil ndipo mambo yalipoharibika. Bento alikwenda na wachezaji wengi wale wale wa mwaka 2012, wakiwa wamezeeka kwa miaka 2 na baadhi wakiwa na majeraha. Ujerumani iliwafunga 4-0, huku Pepe akitolewa kwa kadi nyekundu. Sare ya 2-2 na Marekani na ushindi wa 2-1 dhidi ya Ghana havikutosha. Ureno ilitolewa kwa tofauti ya mabao.

Septemba 7 mwaka huo huo ilifungwa nyumbani na Albania bao 1-0, na siku chache baadaye kibarua cha Bento kikaota nyasi.

Mrithi wake, Fernando Santos, alifanya jambo moja la haraka. Aliwarudisha waliofukuzwa. Ricardo Carvalho aliitwa tena akiwa na miaka 36, na Quaresma akarejea. Miaka 2 baadaye, Julai 10, mwaka 2016, Ureno ilitwaa ubingwa wa Ulaya nchini Ufaransa. Carvalho alikuwa katika kikosi hicho, na Quaresma ndiye aliyefunga bao lililoitoa Croatia katika hatua ya 16 bora.

Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba Bento ndiye aliyekuwa kikwazo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Patricio, Pepe, Moutinho, Nani na Ronaldo walikuwa uti wa mgongo wa timu ya Bento kabla ya kuwa uti wa mgongo wa timu ya Santos. Hata Eder, mshambuliaji aliyefunga bao la ubingwa dhidi ya Ufaransa, aliitwa na kuchezeshwa timu ya Taifa kwa mara ya kwanza na Bento mwaka 2012.

Kwa maneno mengine, Bento alijenga nyumba, lakini akawafungia nje baadhi ya waliostahili kuishi ndani yake.

Mabara matatu, miezi michache

Kilichofuata ni kipindi ambacho kocha huyo hapendi sana kukumbushwa. Mei mwaka 2016 alikwenda Cruzeiro ya Brazil na akadumu kwa chini ya miezi 3. Agosti mwaka huo akaenda Olympiacos ya Ugiriki, ambako alifukuzwa Machi mwaka 2017 baada ya kufungwa mechi kadhaa mfululizo, ingawa timu ilikuwa ikiongoza ligi na hatimaye ikawa bingwa. Kisha akaelekea China katika klabu ya Chongqing, na Julai mwaka 2018 akaachishwa kazi.

Klabu 3, mabara 3, katika muda wa takriban miaka 2. Kwa hesabu za kawaida za soko la makocha, mtu wa aina hiyo amekwisha.

Ndiyo maana Agosti mwaka 2018 Chama cha Soka cha Korea Kusini kilipomtangaza kuwa kocha mpya wa timu ya Taifa, wengi nchini humo walishangaa kwa nini wameletewa mtu aliyekataliwa China.

Korea Kusini yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. Kati ya mwaka 2010 na 2018 ilibadilisha makocha 5: Cho Kwang-rae, Choi Kang-hee, Hong Myung-bo, Mjerumani Uli Stielike na Shin Tae-yong. Kila mmoja alikuja na mfumo wake, na kila mmoja aliondoka kabla ya mfumo huo kuota mizizi. Safari hii viongozi waliamua kumpa kocha mmoja mzunguko mzima wa miaka 4, kutoka Kombe la Dunia moja hadi jingine.

Uamuzi huo ulijaribiwa mapema. Januari mwaka 2019 Korea Kusini ilitolewa na Qatar katika robo fainali ya Kombe la Asia. Machi mwaka 2021 ilifungwa 3-0 na mahasimu wao wakubwa Japan mjini Yokohama, na Julai mwaka 2022 ikafungwa tena na Japan kwa idadi hiyo hiyo. Kwa Mkorea, kufungwa na Japan si jambo la michezo pekee.

Mashabiki na magazeti walilalamikia mtindo wake wa kuanza mashambulizi kutoka nyuma kwa pasi fupi, wakidai kwamba Wakorea wamezoea kukimbia na kushambulia kwa kushtukiza. Walilalamika pia kwamba Bento ana wachezaji wake aliowazoea na kwamba kinda mwenye kipaji, Lee Kang-in, ananyimwa nafasi. Hilo la mwisho lilikuwa lawama ile ile ya Ureno katika lugha nyingine.

Pamoja na hayo, timu ilifuzu Kombe la Dunia mapema Februari mwaka 2022, ikiwa imesalia na mechi 2. Katika raundi hiyo ya mwisho ya Asia ilipoteza mechi 1 tu. Walioifunga ni Umoja wa Falme za Kiarabu.

Usiku wa Al Rayyan

Nchini Qatar, Korea Kusini ilianza kwa suluhu dhidi ya Uruguay. Katika mchezo wa pili ilikuwa nyuma kwa mabao 2 dhidi ya Ghana, ikasawazisha kwa mabao mawili ya Cho Gue-sung, kisha Mohammed Kudus akaipa Ghana bao la 3. Wakorea walipata kona ya mwisho, lakini mwamuzi Anthony Taylor wa Uingereza akamaliza mpira kabla haijapigwa. Bento aliingia uwanjani akifoka na kuonyeshwa kadi nyekundu.

Adhabu hiyo ilimaanisha kwamba katika mchezo wa mwisho wa kundi, Desemba 2, mwaka 2022, angekaa jukwaani na benchi lingeongozwa na msaidizi wake, Sergio Costa. Mpinzani alikuwa Ureno. Kocha wa Ureno alikuwa Fernando Santos, mtu yule yule aliyempokea kijiti mwaka 2014.

Ni haki kusema kwamba Ureno ilikuwa imekwishafuzu na ilipumzisha baadhi ya wachezaji wake. Lakini iliongoza kwa bao la Ricardo Horta katika dakika ya 5, na kwa timu isiyo na kocha wake kwenye benchi, hiyo ingetosha kuikatisha tamaa.

Haikuwa hivyo. Dakika ya 27 kona ya Lee Kang-in, kijana ambaye Bento alilaumiwa kwa kutomtumia, iligonga mgongo wa Ronaldo na Kim Young-gwon akasawazisha. Dakika ya kwanza ya majeruhi, Son Heung-min, aliyekuwa akicheza na kinyago baada ya kuvunjika mfupa wa usoni, alikimbia na mpira karibu nusu uwanja na kumpenyezea Hwang Hee-chan, aliyefunga bao la 2. Hwang alikuwa amekosa mechi mbili za kwanza kwa sababu ya maumivu ya paja.

Uruguay ilikuwa imeifunga Ghana 2-0. Korea Kusini na Uruguay zililingana kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, na Wakorea wakapita kwa kuwa na mabao mengi ya kufunga, 4 dhidi ya 2. Ilikuwa mara ya 3 tu katika historia yao kuvuka hatua ya makundi, baada ya mwaka 2002 na 2010.

Katika 16 bora walifungwa na Brazil 4-1. Baada ya mchezo huo Bento alitangaza kuondoka, akieleza kwamba uamuzi huo aliufanya tangu Septemba. Alikuwa amekaa miaka 4 na miezi kadhaa, muda ambao hakuna kocha wa Korea Kusini aliyewahi kuufikisha kwa mfululizo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Bento mambo yalikuwa kinyume, kwani kwao alizomewa na ugenini ndiko alikotunzwa.

Baada ya kuondoka

Njia moja ya kupima kazi ya kocha ni kutazama kinachotokea anapoondoka. Korea Kusini ilimchukua Mjerumani Jurgen Klinsmann Februari mwaka 2023. Alidumu kwa takriban mwaka 1, akafukuzwa baada ya kufungwa na Jordan 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Asia, huku wachezaji wakiripotiwa kugombana kambini. Timu ikaongozwa na makocha wa muda kabla ya kumrudisha Hong Myung-bo Julai mwaka 2024, uteuzi ulioleta malalamiko makubwa kuhusu utaratibu uliotumika. Chama kile kile kilichokuwa kimegundua dawa, kilirudia maradhi.

Kwa upande wa Umoja wa Falme za Kiarabu, walimchukua Bento Julai mwaka 2023 kwa mkataba wa miaka 3. Lengo lilikuwa wazi. Nchi hiyo ilikuwa imecheza Kombe la Dunia mara 1 tu, nchini Italia mwaka 1990, na kwa kuwa nafasi za Asia zilikuwa zimeongezwa hadi 8 za moja kwa moja, ilionekana ni zamu yao.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Januari mwaka 2024 walitolewa na Tajikistan kwa penalti katika Kombe la Asia. Lakini mwaka huo huo waliifunga Qatar, mabingwa wa Asia, mabao 3-1 ugenini na 5-0 nyumbani. Desemba wakatolewa katika makundi ya Kombe la Ghuba, na Machi mwaka 2025 wakafungwa na Iran 2-0 mjini Tehran.

Siku Bento alipofukuzwa, timu ilikuwa nafasi ya 3 katika kundi ikiwa na pointi 13, nne nyuma ya Uzbekistan, na mechi zilizobaki zilikuwa 2. Nafasi ya kufuzu moja kwa moja ilikuwa finyu, lakini mlango wa raundi ya ziada ulikuwa wazi.

Nafasi yake ilichukuliwa na Cosmin Olaroiu wa Romania. Oktoba mwaka 2025, katika raundi hiyo ya ziada, Umoja wa Falme za Kiarabu ilihitaji sare tu dhidi ya Qatar ili ifuzu. Ilifungwa 2-1, na timu ile ile ambayo Bento aliifunga jumla ya mabao 8 katika mechi mbili. Mwezi uliofuata ikaondolewa na Iraq kwa penalti ya dakika za mwisho kabisa mjini Basra. Ndoto ya tangu mwaka 1990 ikaishia hapo.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba Bento angewafikisha. Soka haina hesabu za namna hiyo, na rekodi ya Mreno huyo ina mashimo ya kutosha. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mabadiliko yaliyofanywa kwa ajili ya kufuzu hayakuleta kufuzu, na kwamba walioyafanya walibaki bila kocha waliyempa kazi ya miaka 3 na bila tiketi waliyoitafuta.

Subira peke yake haitoshi

Lingekuwa kosa kuhitimisha kwamba dawa ni kumwacha kocha akae hata akiharibu. Ureno ilimpa Bento miaka 4 kama ilivyofanya Korea Kusini, na mwisho wake ulikuwa kufungwa nyumbani na Albania. Muda ulikuwa ule ule, mtu ni yule yule, lakini matokeo yalitofautiana.

Tofauti iko katika namna muda huo ulivyotumika. Ureno ilikuwa na kikosi kilichokwishaiva, na Bento alichokifanya ni kukilinda hadi kikachakaa. Korea Kusini ilikuwa na vipaji visivyo na mpangilio, na alichokifanya ni kuwapa mpangilio na kukataa kuuacha hata alipozomewa. Ukaidi uliowaua Wareno ndio uliowaokoa Wakorea. Aidha, katika siku ya mwisho alilegeza kamba kidogo, akampanga Lee Kang-in tangu mwanzo, na kona ya kijana huyo ndiyo iliyozaa bao la kusawazisha.

Hapo ndipo shirikisho lenye akili linapotakiwa kujiuliza maswali kabla ya kusaini mkataba. Je, timu yetu inahitaji mjenzi au mtu wa kuikarabati? Je, tunajua mfumo wa kocha huyu, na tuko tayari kuutetea atakapofungwa mechi ya kwanza? Je, nani atakayemwambia ukweli pale msimamo wake utakapogeuka kuwa ukaidi?

Shirikisho lisilo na majibu ya maswali hayo huishia kumwajiri kocha kwa jina lake na kumfukuza kwa matokeo ya wiki moja. Gharama yake si fidia ya mkataba tu. Ni kizazi cha wachezaji wanaofundishwa mfumo mpya kila mwaka na kustaafu bila ya kuumudu hata mmoja.

Klabu inaweza kumudu hasara ya namna hiyo, kwa sababu ligi huanza upya kila msimu. Kombe la Dunia huja mara 1 katika miaka 4, na kwa mchezaji wa Umoja wa Falme za Kiarabu aliyekuwa na miaka 30 siku ile Iraq ilipofunga penalti mjini Basra, huenda halitakuja tena.